LIKIHARIBIKA JUMAMOSI, JUMATATU NANI ATATEMBEA KWA MIGUU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii kijana mmoja ameniletea swali kwa ujumbe wa simu. Nimemwomba ruhusa nilijibu hapa ili wengine wafaidike, naye amekubali, mradi nisimtaje jina. Anasema hivi:

"Shikamoo shekhe. Nina Subaru yangu, ndiyo ninayoendea kazini mjini kila siku. Wenzangu wamepanga safari ya Kenya, kwenye uwanja wa mbio ulioko Athi River, kila mtu akimbize gari lake siku nzima, bila polisi, bila bodaboda barabarani. Si mashindano ya pesa. Je, dini inaniruhusu? Na kama inaniruhusu, wewe ungenishauri niende?"

Tazameni alivyouliza. Ameuliza maswali mawili. La kwanza ni la hukumu, la pili ni la ushauri. Wengi wetu tukishajibiwa la kwanza tunaondoka mbio, la pili hatulisubiri.

Kabla sijamjibu, nina jambo la kukiri mbele yenu.

Miaka michache nyuma kijana mwingine alinisimamisha baada ya swala ya Alasiri akaniuliza swali linalofanana na hili. Nilikuwa na haraka, kuna wageni walikuwa wananisubiri nyumbani. Nikamjibu kwa neno moja: "Haramu." Nikavaa viatu, nikaenda zangu. Sikumuuliza anakimbiza wapi, gari la nani, na nani. Sikufungua kitabu.

Yule kijana hakuacha. Alichoacha ni kuniuliza. Akawa anakimbiza gari usiku, barabarani, na wenzake. Usiku mmoja gari likamshinda, likaingia mtaroni. Alhamdulillah hakuna aliyekufa. Lakini rafiki yake aliyekaa kiti cha mbele alivunjika mguu vibaya, na mpaka leo anaswali akiwa amekaa kwenye kiti. Kila Ijumaa nikipanda mimbari namwona. Nilipokwenda kumjulia hali yule dereva, aliniambia neno moja tu: "Shekhe, ungenikalisha chini siku ile, ningekusikiliza."

Ndugu zangu, kosa la usukani ni lake. Lakini na mimi nina sehemu yangu, na namwomba Allah anisamehe. Mtu akikuuliza jambo la dini, usimtupie neno kama unamfukuza kuku. Ndiyo maana leo najibu kwa urefu. Mnivumilie.

KWANZA: BARABARANI HAPANA

Tuanze na lile lisilo na mjadala. Kukimbizana kwa magari kwenye barabara ya watu hakufai kisheria na hakufai kidini. Hapa kwetu Tengeru tumejaaliwa barabara ya njia nne, ile ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na kitu. Na nje ya mji kuna barabara ya mchepuo. Zilijengwa kupunguza msongamano. Baadhi ya vijana wameziona kama uwanja wa mbio. Usiku nikiandaa darsa nazisikia injini.

Sasa fikiria Jumamosi, siku ya soko la Tengeru. Mama ameamka kabla ya Alfajiri, ana mkungu wa ndizi kichwani, anavuka barabara gizani. Yeye hajakubali kuingia kwenye mashindano yako. Hajasaini karatasi yoyote. Dini yetu imejengwa juu ya kanuni kwamba usidhuru wala usilipize madhara kwa madhara. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa kitu kinachoudhi njiani ni tawi la imani. Kama kuondoa mwiba njiani ni imani, wewe unayegeuka kuwa mwiba wenyewe umo wapi?

Kwa hiyo hapo tumemaliza. Aliyeuliza naye hakuuliza barabara, ameuliza uwanja uliofungwa. Huo ni mlango mwingine.

PILI: MBIO ZENYEWE SI HARAMU

Wanavyuoni wanasema asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Na katika mbio dalili ya kuruhusu ipo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio za miguu na mama yetu Aisha (r.a.). Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mbio za farasi pale Madina, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Lakini hadithi hii ina jambo ambalo wengi hulipita. Farasi hawakukimbizwa wote njia moja. Waligawanywa mafungu mawili. Farasi walioandaliwa kwa mbio waliondokea Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, umbali ambao wapokezi wameukadiria maili tano au sita. Farasi ambao hawakuandaliwa walipewa njia fupi, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Banu Zurayq, kiasi cha maili moja.

Kuandaliwa kule kuna jina lake, unaitwa idhmari. Farasi analishwa mpaka anapata nguvu, kisha chakula kinapunguzwa, anafunikwa nguo ili atoe jasho, nyama inakaza, pumzi inakuwa ndefu. Farasi wa kubebea mizigo ya nyumbani hakutupwa kwenye njia ya maili sita na farasi wa idhmari. Angeweza kufa, na bwana wake angekosa cha kupanda kesho.

Kijana wangu, hapo pana jibu lako. Gari lako la kila siku ni farasi asiyefanyiwa idhmari.

TATU: GARI LA KAZINI LINAKOSA NINI?

Mimi si fundi, lakini nimekaa sana gereji, na mafundi wazuri huswali msikitini kwetu. Nimewauliza, na hivi ndivyo walivyonifahamisha.

Breki. Ukienda mwendo wa 120 badala ya 60, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima haiwi mara mbili, ni mara nne. Ukitoka Tengeru kwenda mjini, breki kali unashika mara chache, na katikati zinapoa. Uwanjani unashika breki kali kila kona, dakika baada ya dakika. Padi na diski zinapata moto mkali, kisha moto unahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya, kiwango kinaweza kushuka mpaka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Jiulize: mafuta yako ya breki ulibadilisha lini? Wengi wetu tunaongeza tu, hatubadilishi.

Matairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Nenda sasa hivi kaziangalie. Vijana wengi mnanunua matairi ya mtumba kwa sababu kashata bado nene. Kashata inaweza kuwa nene na mpira umeshazeeka. Kwenye kona ya kasi mpira ule hauna huruma.

Oili. Kwenye kona ndefu ya kasi oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, na pampu inaweza kuvuta hewa kwa sekunde chache. Injini haihitaji dakika nyingi bila oili ili ife.

Na la mwisho, ambalo naona ndilo kubwa. Wanaoshindana kwa dhati hupeleka gari la mbio juu ya lori. Likiharibika, linapakiwa, mtu anarudi nyumbani kwa gari jingine. Wewe utaendesha zaidi ya kilomita 200 kwenda kupitia Namanga, ukimbize siku nzima, kisha jioni, umechoka, urudi usiku kwa breki zilezile ulizoziunguza na matairi yaleyale uliyoyamaliza. Hatari ya safari yako si uwanja peke yake. Ni ile barabara ya kurudi, na huko kuna watu wengine.

NNE: "LAKINI SHEKHE, WAZEE WALIKIMBIZA MAGARI YA KAWAIDA"

Najua mtaniambia hivyo, maana vijana wa leo mnasoma. Ni kweli. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Magari yalikuwa kama yalivyouzwa dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi.

Mimi mwenyewe sitawaficha, napenda mbio za magari. Tukiwa wadogo, magari ya mashindano yakipita huku mashambani tulikuwa tunakaa juu ya tuta tangu asubuhi, tunarudi nyumbani tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, mama anatuchapa. Sauti ile haijanitoka mpaka leo. Kwa hiyo siongei kama mtu asiyejua utamu wake.

Lakini Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Gari alilijua mpaka ndani. Na lile Volvo lilipokwenda kwenye Safari lilikwenda kwa kazi hiyo, halikuwa gari la kumpeleka mama kliniki Jumatatu. Usichukue ushujaa wa mtu ukaacha maandalizi yake.

TANO: GARI NI LA NANI?

Sasa tuje kwenye ushauri. Nilimpigia simu yule kijana, nikamuuliza maswali ambayo sikumuuliza yule wa kwanza.

Gari umelipa lote? Akasema hapana, alichukua mkopo, bado miezi 14.

Nani wanapanda gari hilo kwa wiki? Akanihesabia. Yeye na mkewe asubuhi. Watoto wawili. Watoto wawili wa jirani anaowapitisha madrasa. Na mama yake, ambaye hupelekwa hospitali mjini kila mwezi kwa ajili ya mguu.

Una bima gani? Akasema bima kubwa, kwa hiyo hana wasiwasi. Nikamwambia akausome mkataba. Akausoma usiku ule, akanipigia tena, sauti imebadilika. Mikataba mingi ya bima, hata hiyo bima kubwa, inaandika wazi kwamba haihusiki na mashindano wala majaribio ya kasi. Na ile kadi ya njano ya COMESA ya kuvukia mpaka inamlinda mtu wa tatu uliyemdhuru barabarani, haitakununulia gari jingine.

Nikamuuliza la mwisho: gari likiharibika Jumamosi, Jumatatu nani atatembea kwa miguu?

Akanyamaza.

Ndugu yangu, kadi ya gari ina jina lako, lakini haki zilizomo ndani yake ni za wengi. Mkopeshaji ana haki. Mtume (s.a.w.) amekemea vikali deni, mpaka alijizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni lisilo na wa kulilipa, akaamuru masahaba wamswalie wenyewe. Mkeo na watoto wana haki ya matunzo, na imepokewa kwamba inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Mama ana haki, na hiyo sina haja ya kuieleza. Ukilipeleka gari lile uwanjani, unaweka dau haki za watu saba bila kuwauliza. Wewe unasema hamchezi kamari. Mimi naona dau lipo mezani, ila si la pesa taslimu.

Na nafsi yako pia ni amana. Allah (s.w.) katika Suratul Baqarah, aya ya 195, ametukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu. Kuingia na breki usizozikagua ni mikono yako mwenyewe.

SITA: PESA NA KIBRI

Mawili mafupi.

Kama kila dereva anatoa pesa, zikakusanywa, na mshindi akachukua zote, hiyo kwa wanavyuoni wengi ni kamari. Hadithi ya zawadi za mashindano imetaja ngamia, farasi na mishale, na wanavyuoni wametofautiana kuhusu kuvipima vitu vingine kwa hivyo. Wewe kaa mbali na shaka. Kulipia uwanja, daktari na watu wa kuzima moto ni malipo ya huduma, hilo halina tatizo.

La pili ni kibri. Ngamia wa Mtume (s.a.w.), aliyeitwa Adhbaa, alikuwa hashindwi. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo, akamshinda. Masahaba wakaumia. Mtume akawafundisha kwamba ni haki ya Allah kutokinyanyua kitu cha dunia ila hukishusha. Ukienda uwanjani, nenda ukijua kuna atakayekupita. Wengi wanaopata ajali wanaipata kwenye ule mzunguko mmoja wa "nimwoneshe huyu".

SABA: HUKUMU NA USHAURI

Hukumu: kukimbiza gari kwenye uwanja uliofungwa, wenye wasimamizi, bila kamari, bila kuacha swala, ni jambo linaloruhusiwa kwa asili yake. Siwezi kuharamisha alichokiruhusu Allah kwa sababu tu naogopa. Nilishafanya hivyo mara moja, nimewaeleza matokeo.

Ushauri: ukiwa na gari moja tu, na gari hilo ndilo miguu ya familia, usilipeleke. Kama una deni juu yake, usilipeleke. Likitimia hata moja kati ya haya mawili, subiri.

Lakini kama gari ni lako halisi, hakuna anayelitegemea, na ukilipoteza lote utasema alhamdulillah na Jumatatu uende kazini kwa kifodi bila kumkopa mtu, basi nenda, kwa masharti. Badilisha mafuta ya breki kabla, weka padi mpya. Kagua tarakimu za matairi. Vaa helmeti. Usimpakie mtu asiyejua anaingia kwenye nini. Kimbiza mizunguko michache, kisha endesha taratibu breki zipoe. Usirudi usiku, lala huko, rudi asubuhi baada ya Alfajiri. Na mwambie mkeo kabla, si baada.

Na kwa yule ambaye moyo unamwaka lakini gari hana la kupoteza, njia zipo. Nenda ukatazame. Jitolee kuwa msimamizi kwenye mashindano ya hapa Arusha yenye kibali, utayaona magari kwa karibu na utajifunza mengi. Kodi kile kigari kidogo cha mbio, ambacho kimetengenezwa kwa kazi hiyo na kikiharibika Jumatatu hakuna atakayekosa usafiri. Au jichangeni vijana wanne, mnunue gari moja chakavu, mlitengeneze wenyewe pole pole kwa fundi, mlifanyie idhmari yake, na liwe la uwanjani tu. Hilo hata mimi mkiniita nitakuja kuliona.

Na nyinyi wazazi na wazee wenzangu. Kijana akija na swali kama hili, msimkemee mpaka akimbie. Damu yake inachemka, hiyo ni maumbile. Msipomwonesha njia ya halali, usiku ataitafuta barabara, na barabara ipo hapo nje, njia nne, haina geti.

Yule kijana wa ujumbe amenijibu jana. Amesema hatopeleka gari. Atakwenda na wenzake kama mtazamaji, atakaa kiti cha abiria kwenye gari la mwenzake njiani, na atawakumbusha mafuta ya breki. Nimefurahi. Yule wa kwanza naye nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa, pamoja na rafiki yake anayeswali kwenye kiti. Wote wawili wamesema weka.

Ewe Mola wetu, walinde vijana wetu wawapo kwenye usukani. Wape furaha ya halali inayowatosheleza na haramu. Wasamehe waliokosea barabarani, waponye waliovunjika, warehemu waliotangulia. Na utusamehe sisi viongozi kwa majibu tuliyoyatoa kwa haraka. Aamin.

Wallahu a'alam.

Ukiona lina faida, mfikishie kijana mmoja mwenye gari. Mmoja tu anatosha.

Ndugu yenu, imamu, Tengeru.